Kiti Changu Si cha Mjerumani

Mlola,
11 Februari 2024

Mume wangu Alen,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mke mwenzangu Janeth, na tumbo lake linakwenda vizuri. Sisi huku hatujambo. Baridi ya asubuhi ipo, maharage yameshika, mbuzi mwekundu amezaa. Magoti yangu yanauma yakitaka na yananyamaza yakitaka, nimeacha kuyasikiliza. Aliye mgonjwa hapa nyumbani ni kona ya sebule, pale palipokuwa na kiti changu.

Usishangae kuniona kwenye karatasi. Simu ninayo, lakini kila nikianza kukuuliza habari ya kiti unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Darasani sikuingia hata siku moja, hilo unalijua, lakini kwenye mafundisho ya kipaimara mchungaji alitaka kila mtu asome kwa macho yake, na herufi alizonipa bado ninazo zote. Barua hii nampa kondakta wa basi la alfajiri. Nimemwambia akuone uso kwanza ndipo aitoe.

Sasa sikia. Krismasi ulikuja, ukala, ukalala, ukaniambia, "Bibi, mguu wa kiti chako umepasuka, ngoja nikipeleke Dar, nina fundi mzuri." Nikakubali. Nilikusaidia mwenyewe kukifunga juu ya gari, na blanketi langu nikakupa ili kisikwaruzike. Krismasi imepita, watoto wamerudi shule, mguu mmoja wa kiti bado unatengenezwa. Babu yako alipasua mbao kwa mkono na kiti kizima hakikumchukua muda huo.

Nauliza kwa sababu Janeth anakuja kujifungulia huku, na utaratibu wa nyumba hii unaujua. Mama yako alipokuzaa wewe alilala kwenye kiti kile, miguu ameitupa juu ya mikono mirefu ya kiti, mimi namkanda kwa maji ya moto na kumnywesha uji wa pilipili manga. Shangazi zako hivyo hivyo. Baba yako Martin, aliyenifungua kizazi, nilimpakata humo majirani walipokuja kumwona. Hakuna mtoto wa nyumba hii aliyeonyeshwa watu akiwa amepakatwa kwenye stuli. Janeth atakaa wapi? Juu ya ndoo?

Niambie kiti kiko wapi na kinarudi lini. Mengine usiniandikie.

Bibi yako,
Esteria


Dar es Salaam,
25 Februari 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi sana kuuona mwandiko wako. Nimemsomea Janeth, amecheka mpaka mtoto akacheza tumboni. Tu wazima, joto tu ndilo linatusumbua. Pole na magoti. Msalimie mama Marta jirani, na huyo mbuzi pia.

Kuhusu kiti ondoa wasiwasi, kipo mahali pazuri na kinatunzwa. Naomba tu nikueleze kitu, maana ndiyo kazi yangu hii ya samani za zamani, na sidhani kama nimewahi kukueleza vizuri.

Viti vile vya kuegama, vya mikono mirefu, vina safari ndefu. Wazungu wenye mashamba walivitumia huko India, kwenye joto, kisha vikaja huku kwetu, vikapanda mlimani pamoja na kahawa na chai. Kila nyumba ya bwana shamba ilikuwa navyo barazani. Bwana anarudi kutoka shambani amechoka, anajitupa, miguu juu ya mikono ya kiti, mtu anakuja kumvua mabuti. Mashamba yalipobadilisha wamiliki viti vikatawanyika. Vingine vilikwenda misheni, vingine vilichomwa kuchemshia maji.

Leo watu wanavitafuta, Bibi. Mwenye hoteli, mwenye ofisi, hata vijana wanaojenga. Ukiketi mgongo unalala wenyewe, hauulizwi. Havina msumari, ni mbao imeshikana na mbao. Sofa la kiwandani likizeeka linatia aibu, lakini kiti kile kikizeeka ndipo mtu anataka kukigusa. Na wanapenda kitu chenye hadithi nyuma yake, mtu akikikalia aone kama na yeye ana mlima mzima mbele yake.

Wakati tunasubiri nimeona nikuletee sofa la kisasa. Lina sponji nene, Janeth atapumzika vizuri. Tafadhali usinikatalie.

Mjukuu wako,
Alen


Mlola,
17 Machi 2024

Alen,

Leo sikuiti mume wangu. Bwana asifiwe. Najua hujambo, mimi pia sijambo. Salamu zimekwisha.

Marta alipeleka karoti kwenye hoteli moja pale Lushoto, ile ya juu, yenye maua mengi kuliko wageni. Akarudi amebeba kikapu kitupu na uso uliojaa. Akaniambia, "Mama Martin, kiti chako nimekiona barazani, kimezungushiwa kamba kama ng'ombe mkali." Nikamwambia amefananisha. Akasema, "Mimi nilijifungua Angel nikiwa nimetoka kukikalia hicho kiti, nitakifananisha na nini?"

Basi nikavaa kitenge cha umoja wa wanawake, tukapanda gari, nikaenda. Kiti changu kilikuwa pale. Mguu hauna hata ufa, na nilijua siku ile ile hauna, nikajisemea mjukuu wangu macho yake ni makali kuliko yangu. Mbele yake wamesimamisha kadi. Binti wa mapokezi, jina lake Salama, mtoto mwenye adabu, akanisalimia nikamwomba anisomee, maana herufi zilikuwa za kujikunja.

Akasoma: "Kiti cha bwana shamba wa Kijerumani, Kwamkoro, mwaka 1908. Alama kwenye mkono wa kulia ni za glasi zake za mvinyo."

Nikamwambia, "Soma tena." Akasoma tena.

Glasi za mvinyo, Alen. Zile duara nyeupe ni kikombe changu cha bati. Ni uji wa mama yako, na wa shangazi zako, na wangu mimi. Mjerumani gani alikunywa uji wa pilipili manga akinyonyesha?

Nikamuuliza Salama, "Na mbona kifupi hivi? Mjerumani wenu alikuwa mtoto?" Akasema, "Wanasema kilikuwa cha mke wake, Bibi." Nikajitazama kuanzia kitenge mpaka chini. Kumbe nimeolewa na Mjerumani na harusini sikualikwa.

Nikainua kamba, nikapita, nikakaa.

Akaja meneja, anaitwa Clemence, kijana wa tai. "Shikamoo Bibi. Samahani, hicho hakikaliwi." Nikamwambia marahaba, basi mlinunua kuni. Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki, akaacha. Akaniuliza nakunywa nini. Nikasema chai. Ikaletwa, nikaweka kikombe juu ya mkono wa kiti, Salama akafumba macho. Marta alisimama pembeni na kikapu chake, anajifanya anatazama maua.

Nilikinusa, Alen. Juu mmekipaka vanishi mpaka kinanuka kama gari jipya. Nikapitisha mkono chini, mahali ambapo brashi yenu haikufika, nikaupeleka puani. Mkulo. Bado ni mbao ile ile ya mlima wetu, yenye harufu ya kafuri.

Umenieleza historia ya viti, ahsante. Sasa na mimi nikueleze ya hicho kimoja, ingawa ulishaisikia ukiwa umekalia mapaja yangu.

Babu yako Timotheo alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba la chai upande wa Kwamkoro, wakati Mzungu wa mwisho hajaondoka. Viti vile ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Bwana alipimwa akiwa na mabuti, kwa sababu hakuwa na mpango wa kuyavua mwenyewe, na mikono ya kiti ilitakiwa imtoshe na mabuti yake. Fundi akimaliza haruhusiwi kukaa. Ili ajue mgongo umelala sawa alikuwa anakalisha gunia la chai. Fikiria hilo. Mtu anatengeneza viti mchana kutwa na anayekaa ni gunia.

Nilipopata mimba ya baba yako alikuja nyumbani na kipande cha kamba. Akaniambia simama ukutani. Akanipima kisigino hadi goti, goti hadi kiuno, kiuno hadi bega, kila mahali anafunga fundo na hasemi neno. Nikaanza kulia, kwa sababu huyo huyo ndiye aliyekuwa anatengeneza majeneza ya usharika. Nikamuuliza, "Timotheo, daktari amekwambia nini ambacho mimi sijaambiwa?" Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Nakupimia kiti, wewe mwanamke. Nataka katika nyumba hii akae mtu, gunia likae nje."

Sikuwa na viatu siku ile. Alinipima nyayo zikiwa juu ya udongo, ndiyo maana nikikaa miguu yangu inagusa chini na ya Mjerumani wako ingekunjana mpaka kidevuni. Hiyo ndiyo historia. Wewe uliijua ukaifuta, ukaandika nyingine.

Kiti chenyewe sikiombi kwanza. Nataka uende kwa huyo Clemence, kwa miguu yako, umwambie nani alikitengeneza na nani alikikalia. Ukishasema ndipo tutaongea habari za kukirudisha.

Bibi yako, bado,
Esteria


Mlola,
21 Aprili 2024

Alen,

Bwana asifiwe. Mvua ni nyingi, barabara imekatika pale kwenye kona, sisi tu wazima.

Nimemuuliza kondakta kila anapopita. Barua hakuna. Badala ya barua limekuja sofa.

Wanaume wa lori walijaribu kuliingiza mlangoni wakashindwa, wakajaribu dirishani wakachekwa. Lipo barazani, limevikwa nailoni. Mzee wa kanisa, mzee Dafa, alikuja kunijulia hali akalikalia. Likammeza. Tulimvuta mimi na Marta, mmoja mkono huu mmoja ule, na yeye anasema "taratibu, taratibu" kama mtu anayetolewa kisimani. Kuku wamelipenda. Wameona wamejengewa.

Mimi nilikuuliza maneno, wewe unanijibu kwa sponji. Nimekulea nikakufundisha kusema ndiyo na hapana, na yote mawili nayapokea. Ila sikukufundisha kunyamaza. Huko umejifunzia kwa watu wengine.

Janeth hana kosa. Aje, nyumba ni yake. Maji ya moto yapo na mikono yangu ipo. Nitamlaza kitandani kama mgonjwa, kwa kuwa mume wake ameuza mahali pa mzazi kukaa.

Bibi yako,
Esteria


Dar es Salaam,
5 Mei 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Sina ujasiri wa kukuuliza hali, lakini nauliza, maana nakuwaza kila siku. Sisi wazima. Janeth anapanda basi Jumamosi, dada yake anamsindikiza.

Nilikwenda Lushoto wiki iliyopita. Mlola sikupanda. Nilifika stendi, nikaliona gari la Mlola linajaza watu, nikarudi nyuma. Niliona aibu, Bibi, sina neno jingine.

Nataka ujue ilivyokuwa. Mguu haukupasuka, ni kweli. Nilikichukua ili nikipige picha tu na kukiweka dukani mbele, kivutie watu, kisha nikirudishe. Mteja wa kwanza akauliza ni cha nani. Nikasema kwa majivuno kabisa, kimetengenezwa na babu yangu, Mlola. Akasema "hongera," akahamia kwenye kabati. Wa pili hivyo hivyo. Siku nyingine akaja mtu akasema mwenyewe, "Hiki lazima ni cha Wajerumani," mimi nikanyamaza. Kunyamaza tu. Kabla hajatoka, mwingine alikuwa ameshaanza kukigombania naye. Nikajua hawa hawatafuti mbao. Wanatafuta mtu mkubwa wa kumkalia kiti chake, na Babu yangu hawamjui. Mwaka ule wa 1908 niliutunga jioni moja, na glasi za mvinyo niliziongeza kwa sababu uwongo ulishaanza kuwa mtamu.

Nimemwambia Clemence yote. Jina la Babu, kamba, uji, gunia la chai. Alisikiliza vizuri, akaitoa kadi, akaishika. Akaniuliza, "Kwa hiyo ni kiti tu?"

Nikamwambia, "Ni kiti cha Babu yangu, alimtengenezea Bibi yangu."

Akasema, "Ndiyo. Kwa hiyo ni kiti tu."

Nilitamani kumjibu, lakini maneno yale yale niliyasema mimi kabla yake, kwa njia nyingine. Amesema atawauliza wenye hoteli. Sijui watasemaje. Nakuomba umpokee Janeth vizuri, na mimi unikasirikie tu, ni haki yako.

Mjukuu wako,
Alen


Mlola,
9 Juni 2024

Baba wa mtoto,

Bwana asifiwe sana. Umepata mtoto wa kike, mzima, analia kama mimi. Mama yake mzima pia, anakula, anasema "hongea" kwa kila kikombe cha uji, na Kishambaa chake kinachekesha lakini asante yake ni ya kweli. Haya umeshayasikia kwenye simu. Barua nimeiandika kwa ajili ya mengine.

Kiti kimerudi.

Kilikuja na pikapu ya hoteli, miguu juu kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Clemence mwenyewe alikisindikiza. Ungedhani nilifurahi. Nilikasirika kuliko siku ile ya kamba ya hotelini. Nikamuuliza:

"Mguu umevunjika?"

"Hapana, Bibi."

"Mgongo unauma mtu akikikalia?"

"Hapana, ni kizuri mno. Mimi mwenyewe nilikikalia usiku wageni wakishalala."

"Sasa mnakirudishia nini?"

Akatazama viatu vyake. Akasema wageni wao wanapenda vitu vya kale. Nikamwambia, nitazame. Mimi ni wa juzi? Mbao ile ile, mikono ile ile, duara zile zile. Kilichopungua ni Mzungu, basi. Mjerumani ambaye hakuwepo alikuwa anakipa kiti uzito, na Timotheo aliyekuwepo kweli, aliyeota sugu kwa ajili yake, amekifanya chepesi mpaka kinatoshea kwenye pikapu. Nilimwonea huruma kijana wa watu, nikamkalisha humo humo, nikampa uji kwenye kikombe cha bati. Akatafuta pa kukiweka. Nikamwambia weka hapo hapo mkononi. Akaweka. Alama mpya ipo, ukija nitakuonyesha ya nani ni ya nani.

Vanishi yenu naikwangua kwa kipande cha chupa, kidogo kidogo kila jioni. Harufu imeanza kurudi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nilimketisha Janeth kwenye kiti, nimejiandaa, maji ya moto tayari. Alen, hukuniambia umeoa mkaratusi. Kichwa chake kinapita juu kabisa, mgongo wa kiti unamwishia katikati ya mabega, magoti yamesimama kama ya panzi. Ananiambia, "Ni kizuri sana, Bibi, hongea," na shingo inaning'inia. Mama yako alikuwa mfupi kama mimi, shangazi zako ni damu yangu, sikuwahi kuliona jambo hili. Nilikupigia kelele miezi yote hiyo kwa ajili ya kiti cha Janeth, na kiti si cha Janeth. Ni changu. Kilipimwa kwangu.

Basi majirani walipokuja kumwona mtoto, nilimpakata mimi kwenye kiti, na mama yake tulimkalisha barazani kwenye sofa lako, likammeza, kuku wakamkasirikia.

Haiwezekani hivyo. Humu ndani ya bahasha utakuta kamba. Nilimsimamisha Janeth ukutani nikampima mwenyewe. Fundo la chini ni kisigino, kisha goti, kisha kiuno, kisha bega. Hakulia, siku hizi watu hawaogopi majeneza. Babu yako alikufundisha kushika randa kabla hujajua kuuza, na mikono haisahau upesi kama mdomo. Funga duka lako siku utakazohitaji. Mtengenezee mkeo kiti.

Na chini yake, mahali ambapo hakuna anayeona, andika jina lako. Akija mtu miaka ijayo akasema ni cha bwana fulani, wakigeuze.

Bibi yako,
Esteria


Dar es Salaam,
23 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini wote watatu hamjambo. Mimi mzima, ila viganja vina malengelenge.

Kamba imefika. Nimeitundika juu ya meza ya kazi, wateja wananiuliza ni ya nini. Mkulo siku hizi haukatwi ovyo, nimepata mninga kutoka kwenye mlango wa zamani. Nimekosea kipande kimoja, nimeanza upya.

Kuna jambo siwezi kuendelea bila kulijua, na kwenye simu Janeth anacheka tu, anasema nikuulize wewe. Pale ukutani ulimpima akiwa na viatu au bila viatu?

Mjukuu wako,
Alen


Mlola,
30 Juni 2024

Mume wangu,

Bwana asifiwe. Sisi wazima, mtoto anashiba.

Bila viatu. Kwani wewe umeoa bwana shamba?

Mkeo wa kwanza,
Bibi Esteria